Kuongeza ghorofa Mji Mkongwe, kibali kinatoka wapi?

Bint Malindi: Jamani, nyumba ya marehemu bibi ina ghorofa mbili. Kaka zangu wanataka kuongeza ya tatu, ya matofali ya saruji, wapangishe wageni. Eti tukikubaliana warithi inatosha. Kweli?

Fundi Chokaa: Si kweli, dada. Mji Mkongwe una mamlaka yake ya uhifadhi, kibali kinatoka huko, na umo kwenye urithi wa dunia tangu 2000. Halafu kuta hizo ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari boriti za mikoko. Saruji hufungia unyevu ndani.

Babu Shangani: Beit al-Ajaib, Nyumba ya Maajabu ya hapa hapa Mji Mkongwe, iliporomoka upande mmoja Desemba 2020, jengo la Sultan Barghash lile! Sembuse lenu.

Bint Malindi: Na kubadilisha mabati?

Fundi Chokaa: Uliza kwanza. Mlango wa nakshi msiuguse kabisa.