Malalamiko: ujumbe mnaoutuma ovyo kati ya michakato umemfanya binti wa kaunta aitwe mwizi

Ndugu wanajukwaa,

Nimefungua uzi huu nikiwa na hasira, na sitaificha. Kwa wiki tatu nimekuwa nikipitia msimbo wa programu ya stoo na mauzo inayotumika katika duka moja la dawa mjini Morogoro. Imetengenezwa kwa Electron, chombo cha kutengenezea programu za kompyuta, na kampuni ambayo sitaitaja, na niliyoyakuta humo yamenionyesha kwamba wapo wenzetu wanaouza programu kwa fedha za watu bila kuelewa dirisha linavyozungumza na mchakato mkuu.

Mwenye duka aliniita akiamini kwamba anaibiwa. Kila mwisho wa mwezi kompyuta ilimwonyesha maboksi mengi kuliko yaliyokuwa rafuni, hasa ya dawa mseto ya malaria na ya viuavijasumu, na mtu pekee aliyekuwa akishika stoo pamoja naye ni binti anayehudumia kaunta. Binti huyo alikatwa mshahara miezi miwili mfululizo. Nilipokaa na ankara zote za wauzaji wa jumla, nikajumlisha kilichonunuliwa na kutoa kilichouzwa, jibu lililingana na maboksi yaliyokuwa rafuni, boksi kwa boksi. Hakuna kilichoibwa. Kompyuta ndiyo iliyokuwa imeandika maboksi ambayo hayajawahi kuingia dukani.

Kwa wale ambao hawajawahi kutengeneza programu za namna hii, naomba nieleze. Electron ilianzia kampuni ya GitHub mwaka 2013 kwa jina la Atom Shell, ikapewa jina lake la sasa mwaka 2015, na ndani yake zimeunganishwa Chromium, yaani kiini cha kivinjari, na Node.js, inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari, ili mtu anayejua kutengeneza kurasa za wavuti aweze kutengeneza programu ya kompyuta. Programu ikiwashwa, unakuwepo mchakato mkuu mmoja wenye mamlaka ya kusoma na kuandika mafaili, kufungua kanzidata na kutumia printa, na pembeni yake ipo michakato ya madirisha ambayo kazi yake ni kuonyesha kurasa. Pande hizi mbili hazitumii kumbukumbu moja. Zinatumiana ujumbe kupitia chaneli zenye majina, dirisha likitumia ipcRenderer na mchakato mkuu ukitumia ipcMain, basi. Ni sawasawa na dirisha la dawa hospitalini: mgonjwa anapitisha cheti, mfamasia anakisoma, anakikagua, na yeye ndiye anayekwenda stoo. Mgonjwa hapewi ufunguo.

Sasa tazameni walichokifanya. Mtumiaji akihifadhi mzigo mpya, dirisha lilituma ujumbe «pokea-mzigo», mchakato mkuu ukaandika ankara kwenye kanzidata na kurudisha ujumbe «mzigo-umehifadhiwa», kisha msikilizaji (kipande cha msimbo kinachongoja ujumbe) aliyewekwa kwenye ukurasa wa mapokezi, akisikia jibu hilo, akatuma ujumbe wa tatu, «ongeza-stoo». Kwa nini hesabu ya stoo isiongezwe palepale, katika muamala uleule ulioandika ankara? Hakuna sababu yoyote. Uamuzi unaohusu mali ya mtu umetolewa ndani na kupelekwa dirishani, mahali ambapo haukupaswa kuwa.

Ubaya wenyewe ulitokana na msikilizaji huyo. Kila ukurasa wa mapokezi ulipofunguliwa, aliwekwa msikilizaji mpya, na ukurasa ulipofungwa yule wa zamani hakuondoka, kwa kuwa dirisha lenyewe halipakiwi upya mtumiaji anapohama kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine. Ukifungua mapokezi asubuhi, ukaenda kwenye ripoti, ukarudi mapokezi, tayari wapo wawili. Mzigo wa maboksi 20 ukihifadhiwa wakati huo, ankara inaandikwa mara moja, lakini «ongeza-stoo» inatumwa mara mbili, na stoo inapanda kwa 40. Usiku kompyuta inazimwa, wasikilizaji wote wanafutika, na kesho yake mzigo wa kwanza unaingia sawasawa. Ndiyo maana kila fundi wa kampuni ile alipokuja, akawasha programu na kujaribu mara moja, alisema kwamba haoni tatizo na kwamba mwenye duka awachunguze watumishi wake.

Awachunguze watumishi wake! Hayo ni maneno mazito kuyatamka juu ya mtu ambaye hujui hata jina lake, wakati hujafungua faili lako mwenyewe.

Najua mtakaouliza kama walisahau kumwondoa msikilizaji. Hawakusahau, na hapa nakiri kwamba mtego ni wa kweli. Katika faili la preload.js, linaloendeshwa kabla ya ukurasa, walitumia contextBridge kufungua daraja kati ya ukurasa na faili hilo, lenye kazi tatu, yaani vipande vya msimbo vinavyoitwa kwa jina: moja ya kutuma, moja ya kusikiliza na moja ya kuacha kusikiliza, na ukurasa ulipofungwa ile ya tatu iliitwa kweli. Lakini kila kazi inayovuka daraja hilo kutoka kwenye ukurasa hufunikwa upya upande wa pili, hivyo ile iliyopelekwa ili iondolewe haikuwa ileile iliyosajiliwa, na ipcRenderer haikupata cha kuondoa. Haikutoa kosa lolote, ilinyamaza. Ukimya huo naulaumu, kwa sababu chombo kinachotumiwa na watu wengi kiasi hiki kingepaswa kupiga kelele. Hata hivyo dawa yake inajulikana na ni ya mistari michache: kazi ya kusikiliza iliyo ndani ya preload.js irudishe kazi nyingine ya kumwondoa msikilizaji yuleyule iliyomsajili, na ukurasa uiite hiyo unapofungwa.

Lisilosameheka ni hili linalofuata. Node.js huonya yenyewe wasikilizaji wa tukio moja wanapozidi 10, kwa onyo liitwalo MaxListenersExceededWarning. Onyo hilo lilitokea wakati wa kutengeneza programu hii, najua kwa hakika, kwa sababu nimeukuta mstari wa setMaxListeners(0) ulioandikwa ili kulinyamazisha. Mtu aliona onyo, akalielewa vya kutosha kujua jinsi ya kulizima, akalizima, kisha akaenda kuuza.

Daraja lenyewe liko wazi kupita kiasi. Kazi yake ya kutuma inapokea jina lolote la chaneli na data yoyote, na upande wa mchakato mkuu ipo chaneli inayopokea sentensi ya SQL, lugha ya kuamuru kanzidata, kama ilivyo na kuitekeleza bila kuuliza. Majina ya dawa yanaingizwa kutoka kwenye mafaili ya Excel ya wauzaji na kuchorwa kwenye ukurasa bila kusafishwa, kwa hiyo mtu akipenyeza msimbo kwenye jina la dawa, msimbo huo utaendeshwa dirishani, na kupitia daraja hilo utaweza kufuta mauzo ya miaka yote. Waliotengeneza Electron wamekuwa wakifunga milango hii mmoja baada ya mwingine: toleo la 5 lilizima uwezo wa ukurasa kutumia Node moja kwa moja, la 12 likautenga ukurasa na preload.js, la 20 likayazungushia madirisha ukuta wa ulinzi, na la 29 likazuia ipcRenderer nzima isipitishwe darajani. Unapoandika daraja linalokubali chaneli yoyote, unaifungua kwa mkono milango yote waliyoifunga. Kila jambo lipewe kazi yake yenye jina lake, na mchakato mkuu ukague data iliyokuja pamoja na fremu (ukurasa au sehemu yake) iliyoituma.

Kuna pia kuganda kwa skrini, ambako binti wa kaunta alikuzoea akidhani kompyuta ni mbovu. Utafutaji wa dawa ulitumia sendSync, ambayo hulisimamisha dirisha zima mpaka jibu lirudi. Tangu toleo la 7 la Electron, la mwaka 2019, tunayo invoke upande wa dirisha na handle upande wa pili, ambazo hurudisha ahadi (promise), yaani jibu litakalokuja baadaye, na kuliacha dirisha liendelee na kazi. Programu hii iliandikwa baada ya hapo. Naongeza kwamba kuhamia invoke peke yake hakutoshi kama kazi nzito inafanyika ndani ya mchakato mkuu, maana huo ukizidiwa, madirisha yote yanazidiwa nao. Ripoti za mwaka mzima nimezihamishia kwenye utilityProcess, mchakato wa pembeni wa kazi nzito, iliyopo tangu toleo la 22.

Nilipowaandikia kampuni nikiwaeleza haya pamoja na ushahidi, walinijibu kwamba ni hitilafu ya Electron na kwamba sasisho litatoka baadaye. Siyo hitilafu ya Electron kuongeza stoo kutoka dirishani, na siyo Electron iliyoandika setMaxListeners(0). Ninachowadai ni kwamba wayaandikie maduka yote yanayotumia programu hii, sasa, wayaambie kuwa hesabu za stoo haziaminiki, ili asiendelee kuadhibiwa mtumishi mwingine wakati sasisho linasubiriwa.

Nanyi mnaotumia programu za stoo za namna hii, fanyeni jaribio hili kabla hamjamshuku mtu. Tengenezeni nakala ya akiba ya data kwanza, kisha fungueni ukurasa wa kupokea mzigo, hamieni ripoti, rudini, mfanye hivyo mara tano bila kuzima programu. Pokeeni boksi moja la majaribio na mtazame stoo imeongezeka kwa ngapi. Ikiwa imezidi moja, andikeni hapa chini, pamoja na toleo la programu mnalotumia.