Nyasi za milimani Japani, zitakubali chini ya mti?

MamaZawadi_Leicester
Wakuu habari za saa hizi. Nipo Leicester, nina kabustani nyuma ya nyumba upande usiopata jua, na mti wa jirani umefunika karibu nusu nzima so ukoka umegoma kabisa, unachipua kidogo afu unageuka njano unakufa. Juzi kwenye duka la mimea nikakuta nyasi nzuri hatari, majani membamba yana mistari ya njano na kijani, yote yamelalia upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Kibandiko kinasema Hakonechloa macra 'Aureola'. Kapoti kadogo tu lakini bei yake nikairudisha taratibu lol. Naomba kujua, inavumilia kivuli kweli au ni maneno ya biashara? Na haitatambaa kama ndago? Ndago nazijua toka shamba la bibi, na ugomvi na jirani sitaki

FundiBustani_Seattle
Dada hiyo nawapandia wateja huku kila mwaka, kivuli ndo kwao. Ila kuna kivuli na kivuli. Ikipata jua la asubuhi au mwanga unaopenya kwenye matawi ile njano inatoka safi, ukiiweka gizani inabaki rangi ya limau, na jua kali la mchana linaibabua mpaka majani yanapauka na ncha zinaungua.
Kutambaa inatambaa, ina vishina chini ya udongo, lakini polepole mnoo, ndago haifikii hata robo. Na hapo ndo bei inapotoka, maana hii ya mistari ukipanda mbegu rangi haifuati, lazima mtu agawe shina, na shina linachukua miaka kujaa, kwahiyo mwenye nasari kakaa nayo sana kabla haijakufikia wewe.
Mi wasiwasi wangu sio kivuli, ni huo mti. Mizizi yake inakunywa maji yote, na hii nyasi ikikauka inanuna. Weka mboji ya kutosha, tandaza matandazo, na kiangazi cha kwanza usiache kumwagilia. La sivyo iweke kwenye chungu tu yaishe

MzeeWaYokohama
Hizo ni za huku kwetu Japani, kiasili zipo kisiwa cha Honshu tu, na jina limetoka mlima Hakone. Kwenye jenasi yake iko peke yake haina mwenzake, ndugu zake wa karibu ni matete, amini usiamini. Porini haina hiyo mistari, ni kijani tupu, inaning'inia kwenye majabali yenye unyevu huko milimani, mvua ya kutosha lakini maji yanateremka hayatuami. Sasa kama udongo wako ni mfinyanzi mzito unaoshika maji, ulainishe kwanza. Wajapani wenyewe wanaipenda sana kwenye vyungu, kiangazi unaikuta barazani kaupepo kakipita inacheza

MamaZawadi_Leicester
Asanteni sana jamani. Na winter je, naiingiza ndani?

FundiBustani_Seattle
Iache hukohuko nje. Majani yanakauka rangi ya makapi, watu wanadhani imekufa wanaing'oa 😂 usiing'oe. Mwisho wa Februari ikate karibu na ardhi kabla machipukizi hayajatoka. Ukitaka kuigawa, gawa hapo masika. Pembeni weka hosta na makangaga, majani yao mapana yanaipendezesha. Mwaka 2009 hiyo Aureola ilichaguliwa mmea wa mwaka na chama cha wakulima wa maua huku Marekani, so sio wewe peke yako imekupagawisha

Kamau_Limuru
Na huku Limuru je? baridi tunayo, ukungu tunao. Auntie yuko UK anakuja Desemba, anaweza kunibebea kwa bag?

FundiBustani_Seattle
Bro usimtie auntie matatani. KEPHIS, wale wakaguzi wa afya ya mimea Kenya, wanataka kibali cha kuingiza mmea kabla haujatoka huko, pamoja na cheti cha afya ya mmea, bila hivyo unaishia airport. Afu hii imezoea kulala miezi ya baridi kali, na baridi ya Limuru sio ya kuilaza. Kwa kivuli chako tafuta makangaga ya huko huko mtoni, au spider plant (ile ya mapambo, sio mboga), hiyo asili yake ni Afrika na bei yake ni kumwomba jirani kijitawi