Piano si polepole! Na mimi si mpanga viti!

AltoWaUmoja

Watu wangu, naandika nikiwa ndani ya matatu, tumekwama Jogoo Road, na mikono bado inatetemeka. Mnamjua huyo kondakta wa kwaya. Jina sitaji wala halihitajiki. Yule wa tai ya kipepeo, anayekuita "daktari wangu" mpaka siku atakapogundua unajua kusoma nota. Kama umewahi kuimba kwaya yoyote Nairobi hii, kutoka Kangemi hadi Kayole, amekwisha kukufokea.

Leo jioni kwaya nzima imesimama, ameninyooshea kalamu akasema, "Wewe wa alto, hujui piano ni polepole? Kaa chini. Kazi yako leo ni kupanga viti."

Kupanga viti! Mbele ya watoto wa Sunday School waliokuwa wanasubiri ukumbi!

Karatasi yenyewe ninayo hapa mapajani. Juu kabisa kushoto pameandikwa Allegro, yaani mwendo wa haraka, wa kuchangamka. Chini ya mstari wetu wa alto kuna herufi ndogo iliyolala upande, p. Hiyo ndiyo piano. Haigusi mwendo hata kidogo, inagusa nguvu ya sauti: imbeni kwa sauti ndogo. Ukiziweka pamoja unaimba haraka, kwa sauti ndogo. Ndivyo nilivyoimba. Yeye akaninyang'anya karatasi, akaandika POLEPOLE juu ya ile p kwa biro nyekundu, akakandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Tundu lipo, naliona.

Mtunzi angetaka polepole angekosa neno? Largo lipo. Adagio lipo. Lento lipo. Angetaka tupunguze mwendo kidogo kidogo angeandika rit., basi. Hata kinanda chenyewe kinaitwa piano kwa sababu Bartolomeo Cristofori, kule Florence karibu na mwaka 1700, alitengeneza kinanda ambacho ukibonyeza kwa wepesi kinatoa sauti ndogo na ukibonyeza kwa nguvu kinatoa kubwa. Piano e forte. Sasa kwa huyu mzee kile ni kinanda cha polepole? Cha kuchezea wagonjwa?

Na crescendo, yaani kukuza sauti kidogo kidogo! Ile mistari miwili inaanza imekutana nchani halafu inaachana. Pale nchani ndipo sauti inapotakiwa kuwa ndogo, ndipo ikue. Yeye akifika tu nchani anaruka kama ameona nyoka, anataka mayowe, na tukifika panapotakiwa nguvu kweli, koo zimeisha na majirani wameshafunga madirisha.

Lakini viti. Vile vyeupe vya plastiki, vimeng'ang'aniana, ukivuta kimoja vinakuja vinne. Mimi navuta, soprano wanacheka, yeye anahesabu "moja, mbili" kama hakuna kilichotokea. Mimi nimeimba alto tangu shule ya msingi, nimesimama Tamasha la Muziki la Kenya, mashindano yaliyoanza 1927, na hakuna jaji aliyewahi kuniambia p ni polepole. Halafu napangishwa viti. Kwa kuimba p kama p!

BesiMzito

Pole sana. Lakini viti vilinyooka?

KondaWaEmbakasi

Nimefungua huu uzi nikidhani ni kondakta wa matatu. Nikasema lazima amekunyima chenji.

AltoWaUmoja

@BesiMzito sicheki. Nimesema mbele ya WATOTO.

SolfaTu

Ndiyo maana sisi tunasoma solfa, do re mi fa so kwa herufi tu, d r m f s, tunaenda nyumbani. Hivyo Viitaliano ni vya kujidai.

MzeeWaNota

@SolfaTu hata karatasi za solfa zina p, f na D.C. (rudi mwanzo), angalia vizuri. John Curwen wa Uingereza alipoieneza solfa hakuvifuta. Na dada ana haki kabisa. Piano ni nguvu ya sauti, Allegro ni mwendo, na wimbo unaweza kuwa na vyote viwili kwenye mstari mmoja. Mwalimu akichanganya hapo, kwaya nzima inaimba kama inasindikiza jeneza.

Kinachotumaliza zaidi ni "shusha". Mwalimu anasema shusha, nusu ya watu wanapunguza sauti, nusu nyingine wanateremka noti. Nimeona besi wakishuka mpaka wakapotea. Afadhali aseme piano na kila mtu afundishwe maana yake siku ya kwanza.

FaNiFa

Kwetu kuna mwimbaji wa sauti ya tena (tenor) aliona f ya forte juu ya mstari wa solfa akaimba fa. Kwa nguvu. Mwalimu akampongeza kwa moyo wa kujitolea.

TenaBilaMpinzani

@AltoWaUmoja kwani hujui kuna neno tacet? Maana yake sehemu yako inyamaze. Ulipewa sehemu yako, ukaipinga.

AltoWaUmoja

Tacet inaandikwa kwenye karatasi! Haitamkwi na mtu amenyoosha kalamu akisema panga viti! Kwani hamsomi nilichoandika?

BibiHarusiWaDesemba

Nyinyi mna bahati, wenu anawakalisha. Mpiga kinanda aliyetupigia harusi akiona D.C. al Fine anarudi mwanzo vizuri, lakini akifika kwenye Fine hasimami. Da capo ni rudi mwanzo, al Fine ni uishie pale palipoandikwa Fine. Yeye Fine anaipita kama kituo asichoshuka. Anarudi tena. Na tena. Mimi nimefika mbele zamani, padri ametulia, mpiga picha amekaa, shangazi yangu amefungua mkoba anakula njugu. Mume wangu aliniuliza kama huo wimbo umelipiwa kwa saa.

SopranoWaKwanza

Afadhali huyo anazunguka. Wetu ni fermata. Kile kinukta chini ya upinde kinasema shikilia noti kupita kipimo chake mpaka kiongozi akate. Sasa wetu akijua kuna kamera hakati. Amefumba macho, mikono juu, sisi tunaona nyota. Jumapili msichana wa pembeni yangu alikaa chini mwenyewe bila kuambiwa.

BesiMzito

Soprano ndio wa kulalamikia fermata? Nyinyi mkikatwa mnasikia? Mkono umeshuka, besi tumenyamaza, nyinyi bado mko juu mnasalimiana na malaika.

SopranoWaKwanza

Besi mnyamaze. Kwenye Hallelujah ya Handel, ile kabla ya mwisho wote wananyamaza, halafu inakuja Hallelujah ya mwisho polepole. Kimya hicho kimekuwepo tangu Messiah, kazi yake kubwa yenye wimbo huo, iimbwe mara ya kwanza Dublin mwaka 1742. Na Pasaka hii ni nani aliingia peke yake katikati ya kile kimya? Besi. "HA!" Ukumbi mzima ukageuka.

BesiMzito

Hiyo ilikuwa sforzando.

MzeeWaNota

Sforzando ni mkazo kwenye noti iliyopo. Pale hapakuwa na noti.

AltoWaUmoja

Jameni. Uzi ni wangu. Mtu ameniambia piano ni polepole, ametoboa karatasi yangu, akanikalisha, nikapanga viti, na kesho kutwa nina mazoezi naye tena. Tundu la biro limeangukia neno "shangilieni". Nitashangilia nikitazama tundu?

JiraniWaBuruburu

Ngoja kwanza. Huyo wa tai ya kipepeo si ndiye aliyekusanya pesa za sare mwaka jana?

FaNiFa

Ndiye. Alisema maruni. Tukatuma. Mpaka leo maruni hatujaiona.

TenaBilaMpinzani

Mimi niliambiwa ni bluu!

JiraniWaBuruburu

Mimi ujumbe wa M-Pesa ninao bado. Niliandikiwa "kitambaa na kushona". Hakuna kitambaa, hakuna kushona.

SopranoWaKwanza

Sisi tulishonewa, lakini zote saizi moja. Naingia mimi na pochi yangu na mtu mwingine.

AltoWaUmoja

Sare tutaongea baadaye. Piano si polepole!!

KondaWaEmbakasi

Kuna fundi Uhuru Market anashona joho za kwaya vizuri, lakini usimwachie kitambaa umwambie utarudi. Kaa hapo hapo akikata.

BibiHarusiWaDesemba

Anatoza ngapi? Na anaomba mita ngapi kwa mtu mmoja? Wa kwetu aliomba nne, nikaona binti yake na gauni la maruni wiki iliyofuata.

FaNiFa

MARUNI? Nyumbani kwake ni wapi?