Wauzaji wa rivolva za "kikauboi" acheni kudanganya watu, hii haipigi baruti nyeusi

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira na sina sababu ya kuficha. Wasimamizi, naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa bastola za kisasa, hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Niko Texas, na wikiendi nyingi nipo uwanja wa shabaha na wenzangu wanaopenda silaha za zama za makauboi. Wa nyumbani mtakaoanza kuuliza kibali, huku sheria ni nyingine, tusipotezeane muda.

Nimenunua nakala ya Schofield, ile rivolva ya Smith & Wesson inayokunjika katikati na kutema maganda yote kwa mpigo. Kabla sijatoa hela nilimuuliza muuzaji swali moja tu: hii itapiga risasi za baruti nyeusi, ile ya kizamani? Akacheka. "Kaka, ndivyo zilivyokuwa tangu 1875." Nikalipa.

Uwanjani silinda ya kwanza ilikwenda raha mustarehe. Moshi mweupe umetanda, mlio mzito wa buum, siyo ule mkwaju wa baruti za kisasa unaotoboa masikio. Nikajaza tena. Nyundo ikaanza kuwa nzito. Nikajaza tena, ikagoma. Kwa wasiozijua: rivolva hizi kila risasi unakoki nyundo kwa dole gumba, na nyundo hiyohiyo ndiyo inayozungusha silinda. Silinda ikikwama huna silaha, una kipande cha chuma cha bei mbaya. Nimesimama pale nasokota silinda kwa mkono huku foleni nzima inaniangalia.

Sasa nieleze tatizo liko wapi, maana muuzaji ama halijui ama analijua na ananyamaza, na sijui kipi ni kibaya zaidi.

Baruti nyeusi ni shura asilimia 75, mkaa 15, kiberiti 10. Ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi, inabaki kuwa chembe ngumu. Hizo ndizo moshi ule unaouona, na ndizo masizi yanayoganda kwenye chuma. Kati ya silinda na mtutu kuna upenyo mwembamba, na kila ukipiga, gesi na masizi vinachomoka hapo kwa nguvu. Vikiingia kwenye pini ambayo silinda inazungukia, kwisha habari.

Wazee wa miaka ya 1870 hilo walilijua vizuri kwa sababu hawakuwa na baruti nyingine. Ndiyo maana silinda ya Schofield ya asili ilikuwa na kishingo cha chuma kilichochomoza mbele, kinachoikinga pini masizi yasiingie. Colt ya 1873 nayo ina bushi yake mbele ya silinda inayofanya kazi hiyohiyo. Siyo urembo. Ni hicho kidude kidogo kinachokuwezesha kupiga mchana kutwa.

Watengenezaji wa nakala wa leo wamefanya nini? Tuanze na historia kidogo. Risasi ya Colt, .45 Colt, ni ndefu. Haikuingia kwenye silinda fupi ya Schofield, na jeshi la Marekani lilikuwa na rivolva zote mbili mikononi mwa askari. Ghala la silaha la jeshi, Frankford, likatatua kwa akili: likatengeneza risasi fupi, ndiyo risasi ya Schofield, inayoingia kote kuwili, yenye baruti greni 28 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) badala ya zile 40 za Colt. Nakala nyingi za leo zinazotoka Italia zimekwenda kinyume. Wametaka ziuzike kwa .45 Colt kwa kuwa ndiyo iliyojaa madukani, wakarefusha silinda, lakini fremu wakaiacha na urefu wake. Nafasi ikatoka wapi? Kwenye kishingo. Wamekikata! Kwa nje inafanana na ya 1875 mpaka skrubu, ila kile kilichoifanya ivumilie baruti ya 1875 hakipo.

Nikairudisha dukani. Kwanza: "silaha ikishapigwa haturudishi pesa." Sawa, sheria yao. Pili, akanishauri nimwagie oili zaidi, ile ya chupa anayoiuza yeye. Yaani anauza silaha hizi na hajui kwamba oili ya petroli ikichanganyika na masizi ya baruti nyeusi inageuka ulimbo mgumu kama lami. Watu wanatumia nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya wanyama au ya mzeituni, na kusafisha ni maji ya moto na sabuni. Maji! Masizi yale ni chumvi, yanayeyuka. Ukiyaacha usiku kucha yanavuta unyevu na asubuhi unakutana na kutu.

La tatu ndilo lililonitoa damu puani. Eti kama naona usumbufu, "toa baruti nyeusi, jaza isiyo na moshi kiasi hichohicho." Wakuu, huyu mtu atakuja kuua. Baruti nyeusi inajazwa mpaka kichwa cha risasi kiikandamize kidogo, pasibaki hewa. Isiyo na moshi, yaani ile ya kisasa, ina nguvu zaidi na kipimo chake ni sehemu ndogo tu ya ganda. Jaza ganda zima na silinda inapasuka viganjani mwako. Colt wenyewe hawakuidhamini rivolva yao kwa baruti isiyo na moshi mpaka mwaka 1900, miaka 27 baada ya kuitoa. Na kijana wa kaunta anagawa ushauri huo kama peremende. Kuna mgeni wa mchezo huu atamsikiliza.

Halafu risasi zenyewe. Boksi lina picha ya kauboi, farasi, wingu la moshi, limepangwa rafu moja na "za kizamani". Geuza nyuma usome maandishi madogo: nyingi ni baruti isiyo na moshi, imepunguzwa nguvu tu. Zenye baruti nyeusi halisi zipo, lakini viwanda vinavyozitengeneza ni vya kuhesabika, na bei zake usiulize. Ndiyo maana wengi wetu tunajaza wenyewe, nako si mteremko: mwaka 2021 kiwanda cha baruti nyeusi cha GOEX kule Minden, Louisiana, kilitangazwa kufungwa, na baruti ikaadimika kila mahali. 2022 kikanunuliwa na Estes, wale wa roketi za watoto, ambazo injini zake zinatumia baruti nyeusi vilevile. Nawashukuru, bila roketi za watoto tungekuwa tunabembeleza Uswisi na Ujerumani peke yake. Juu ya bei ongeza ada ya kusafirisha mzigo wa hatari.

Kwa hiyo nimelipia baruti, nimelipia ada, nimejaza kwa mikono yangu, halafu silaha niliyoapiwa kuwa inafaa inakwama kabla hata mchezo haujachangamka.

Najua watakaokuja: "futa uso wa silinda kwa kitambaa chenye maji kila ukijaza." Nafuta. "Paka nta kwenye pini." Napaka. Vinasaidia dakika chache. Hayo ni matunzo, hayarudishi chuma kilichokatwa kiwandani.

Ninachotaka ni viwili. Mwenye kumjua fundi aliyewahi kuifungia nakala kama hii kishingo, au kuiwekea silinda fupi ya risasi ya Schofield, ataje anafanyaje na inagharimu kiasi gani. Na aliyeuziwa kwa maneno kama niliyoambiwa mimi aseme hapa aliahidiwa nini, jina la duka abaki nalo. Wale wa "uza ununue Glock", ile bastola ya kisasa, piteni kimyakimya.