Mada: Begi la mgongoni lita 40, na hela yangu ya VAT iliyokwama

Neema, Leeds
Wapendwa habari za leo, wakubwa wote shikamooni. Mwenzenu yamenikuta naombeni msaada. Desemba Mungu akijalia nakwenda nyumbani na safari hii mimi na wifi yangu tumeamua tupande mlima kabisa, njia ya Machame, maana ni aibu, kazini kila mtu ananiuliza Kilimanjaro ikoje na mimi mzaliwa wa Kibosho sijawahi hata kuvuka geti. Basi nikatafuta begi la mgongoni la saizi ya kati, lita 40 hivi, la kupandia mlima na hapohapo la kusafiria kwenye ndege. Nikalipata duka la onlaini la Ujerumani pauni 165, huku madukani kitu hichohicho kinapita 200. Nikaagiza. Wiki ileile kampuni ya vifurushi (siitaji jina) ikanitumia meseji kwamba nilipe import VAT, ushuru na hela yao ya kushughulikia ndio wanilete mzigo. Hamsini na kitu hiyo! Nikalipa. Begi limefika nalivaa, mkanda wa kiuno unaangukia kwenye makalio na mabegani imebaki nafasi ngumi inapita. Nikalirudisha. Duka limenirudishia hela yao vizuri tu, lakini ile ya VAT kampuni inasema si kwao, na wakanitumia linki ya BOR286, fomu ya kudai hela hiyo irudishwe, nikiijaza inauliza namba ambayo kwenye makaratasi yangu haipo. Maswali mawili: fomu ni ipi? Na begi gani zuri kwa mtu mfupi mwenye mgongo mfupi?

Baba Junior, Reading
Dada Neema pole sana. Jaza hiyohiyo BOR286 usiogope, mimi niliijaza mwaka ule shemeji yangu aliponitumia vitenge na viungo kutoka Dar kama zawadi wakanitoza kana kwamba nafungua duka, nikaandika barua nikaambatanisha na risiti, hela ikarudi yote. Cha muhimu usiache hata kisanduku kimoja wazi. Sehemu wanayouliza namba andika ya mzigo. Wazungu wanapenda fomu ijae. Begi mimi natumia lile la laptopu la kazini, nimezunguka nalo dunia nzima halijanisumbua.

Mwalimu, Glasgow
Ndugu yangu Baba Junior tusipotoshane. BOR286 ni ya vifurushi vilivyoletwa na Royal Mail au Parcelforce basi. Ndiyo maana inauliza namba ambayo Neema hana, hiyo namba inabandikwa kwenye vifurushi vya posta. Mzigo wake kaleta kampuni binafsi, huko habari ni C285, na kampuni ndiyo iliyomfanyia declaration ya forodha kwa hiyo lazima impe zile namba za declaration, wasimzungushe. Nimeshaandika haya humu mara kadhaa ila watu hawasomi.

Halafu kuna kitu wengi hamkijui. Mnadhani tangu mkataba wa Brexit vitu vya Ulaya havina ushuru. Havina kama vimetengenezwa Ulaya. Begi hata kama ni Deuter, kampuni ya Kijerumani iliyokuwepo tangu 1898, geuza lebo ya ndani utakuta Vietnam. Osprey ni ya Marekani, lebo Vietnam pia. Kwa hiyo ushuru wanautoza kihalali kabisa, na ukizidi pauni 135 ndio mambo yanahamia kulipa mlangoni. Chini ya hapo VAT unailipa dukani kwenye oda yenyewe na ushuru haupo. Angenunua la 130 yote haya yasingemkuta.

Baba Junior, Reading
Mwalimu mimi nimesema kilichonitokea MIMI. Hela ilirudi. Wewe umewahi kurudishiwa?

Mwalimu, Glasgow
Sijawahi kutozwa visivyo.

Bi Salma, Milton Keynes
Marahaba mwanangu Neema. Waache hao wanaume na fomu zao. Mimi natembea na kikundi cha akina mama kila mwezi, tumepanda Snowdon, tumepanda Ben Nevis na magoti haya, basi nisikilize mimi habari ya begi.

Kwanza usinunue kwa urefu wako, nunua kwa urefu wa mgongo. Kuna mwanamke mrefu ana mgongo mfupi, urefu wote umekwenda miguuni. Inamisha kichwa, nyuma ya shingo kuna mfupa unatokeza, mwambie mumeo aushike na kidole. Wewe weka mikono juu ya nyonga, pale mfupa unapoanzia, dole gumba zielekee nyuma. Apime na utepe wa fundi cherehani kutoka ule mfupa mpaka kati ya dole gumba zako. Hicho ndicho kipimo, kila kampuni ina jedwali lake la S na M kwa sentimita. Wewe ulivyoeleza, mkanda kuangukia makalioni maana yake begi ni refu kuliko mgongo wako, hata ungelikaza vipi lisingekaa.

Pili nenda duka la watu wa milima ulivae likiwa na uzito. Wana vifuko vya mchanga, waambie wakutilie kilo nane, kumi. Begi tupu lolote ni zuri. Legeza mikanda yote, funga ya kiuno kwanza juu ya mfupa wa nyonga, kaza, ndipo uvute ya mabegani, ndipo vile vimikanda vidogo vya juu vinavyotoka begani kuingia kwenye begi, ya kifuani mwisho. Ukimaliza mzigo uusikie kiunoni. Ukiusikia mabegani lirudishe kwenye rafu. Zunguka nalo dukani nusu saa, panda ngazi, wala usione haya, wamezoea.

Tatu yale yenye wavu mgongoni yanapitisha hewa, hulowi jasho, lakini yana chuma kilichopinda ndani kinakula nafasi na kinasukuma mzigo mbali na mgongo. Mimi nayapenda kwa matembezi ya siku moja. Kwa ndege hapana.

Kipara, Birmingham
Bi Salma umemaliza, shikamoo. Ila mimi naona dada Neema anakosea tokea kwenye lita. Kaka yangu ni mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, kapanda na wageni miaka na miaka, na mimi mwenyewe nimefika kambi ya Barafu kabla sijaja huku. Machame begi kubwa hulibebi wewe. Wagumu wanabeba lile la nguo na begi la kulalia, makampuni mengi yanampa mteja kilo 15, na mgumu mwisho wake ni kilo 20 na getini wanapima kweli mzani upo pale. Wewe mgongoni unabaki na maji lita tatu, koti la mvua, sweta, glavu, kofia, biskuti, kamera. Lita 30 tosha kabisa. Ukichukua 40 utaijaza, nafasi ikiwepo mtu anatia tu, halafu siku ya kupanda ukuta wa Barranco unaanza kumlaumu mumeo.

Na mtu asikuuzie ule mfuko wa maji wenye mrija ukategemea huo peke yake. Usiku wa kilele mrija unaganda, unanyonya hakuna kitu. Beba chupa ngumu, igeuze mdomo chini maana barafu huanzia juu, ifunge kwenye soksi uiweke ndani ya begi karibu na mgongo.

Kingine kile kifuniko cha mvua kinachokuja na begi usikiamini, upepo unakipeperusha na maji yanapita pale mgongoni. Tia mfuko mkubwa wa plastiki kwa ndani.

Bi Salma, Milton Keynes
Kipara mwanangu mifuko ya plastiki marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, unataka mtoto wa watu anyang'anywe uwanja wa ndege pale KIA? Anunue mfuko wa turubai jepesi ule unaokunjwa mdomo, wa lita 35. Hauingizi maji na unautumia miaka.

Wanjiku, Nottingham
Na sisi Kenya tulianza 2017 lakini endeleeni tu kujisifu 😄

Neema my dear mimi niko upande wa lita 40. Kipara anaongea kama mtu anaenda mlimani peke yake, huyu amesema pia ni ya kusafiri. Mimi niko na Fairview 40, ile ya Osprey ya wanawake, inafunguka zipu mzima kama sanduku huhitaji kutoa kila kitu juu ndio ufikie soksi, mgongo unapandisha na kushusha mpaka ikukae, na ile mikanda kuna kitambaa unaifunika nayo isishikwe kwenye mashine za uwanja. Nimeenda nayo Ngong, nimeenda nayo Ureno. Lakini jua hivi, lita 40 hailingani na kile kibegi cha bure cha chini ya kiti. easyJet kwa mfano ni 45 kwa 36 kwa 20, hapo hutoshi, utalipia ya juu. Na wanapima na kila kitu, ukijaza mfuko wa mbele umekwisha. Kuna siku kwa geti nilivaa majaketi mawili na buti za mlima nikiwa nimefunga kamba shingoni, watu wakicheka, na bado yule msichana wa geti aliniambia nitie begi kwa ile fremu. Iliingia kwa kupigwa goti.

Kwa hiyo jiulize unasafiri na ndege gani zaidi kabla hujauliza lita.

Mwalimu, Glasgow
Zile kubwa za masafa marefu kuelekea KIA zinaruhusu zaidi lakini kuna zinazopima kilo, saba au nane, siyo sentimita tu. Begi lenye fremu nzito tupu linaweza kuwa kilo mbili. Hesabu hiyo.

Baba Junior, Reading
Nyie mnazungumzia kilo, mimi nazungumzia geti la mlima. Neema una pasi gani mama? Maana mimi nilichukua ya hapa kwa sababu ya kazi, na sheria yetu mtu mzima akichukua uraia mwingine wa kwetu unakufa. Basi nilipokwenda, Marangu pale, mlima nauona tokea jikoni kwa bibi, bibi kazikwa chini ya mlima, babu kazikwa hapohapo, natoa pasi naambiwa mgeni. Dola 70 kwa siku ya hifadhi peke yake, weka VAT asilimia 18, weka kulala, weka uokoaji. Binamu yangu kalipa kwa shilingi hela ya soda. Nikamwambia yule kijana Kichaga, we unanijua mimi ni wa akina nani, akacheka akasema mzee nakujua ila mashine haikujui.

Wanjiku, Nottingham
Haki pole lakini si mtuombe tuwauzie katiba yetu? 2010 tulimaliza hayo maneno, niko na pasi mbili kwa droo.

Kipara, Birmingham
Uraia pacha tuliahidiwa tangu niko na nywele.

Baba Junior, Reading
Na wanaokuja na hadhi maalum ya diaspora mtuambie vizuri, hadhi siyo uraia. Tunatuma hela kila mwezi, tunajenga, tunasomesha, ikija kwenye karatasi sisi ni wageni. Bungeni wanatuita ndugu zetu wa diaspora wakati wa

Mwangalizi wa kundi
Ndugu zangu siasa zina mada yake tafadhali. Hapa ni begi.

Bi Salma, Milton Keynes
Kweli. Ila Baba Junior umenitia simanzi, mimi nikisikia Marangu nakumbuka baridi ya asubuhi na ndizi za kuchoma barabarani, marehemu mume wangu alifanya kazi Moshi mwanzo wa ndoa yetu. Mlima ulikuwa unatoka saa kumi na mbili, saa tatu umejifunika. Huku milima inajifunika siku nzima. Juzi juu ya Ben Nevis hatukuona hata miguu yetu.

Neema, Leeds
Asanteni sana nimejifunza mengi. Pasi yangu bado ya Tanzania Baba Junior, nashukuru Mungu. Nimekwenda dukani jana, yule kijana amenipima mgongo ni sentimita 41, akanivalisha la kwanza la wanaume M halikai, akaleta la wanawake la lita 36 akatia kilo tisa, jamani, nilisahau kama nimelivaa, mpaka nikaenda kuangalia viatu nalo. Tatizo bei. Na Mwalimu, ile C285 nimeiona, lakini nimeona nyingine pia C&E1179, hiyo si ndio ya vitu vilivyorudishwa?

Mwalimu, Glasgow
C&E1179 ni ya bidhaa mbovu au isiyolingana na ulichoagiza. Begi lako halikuwa bovu, ulikosea saizi.

Baba Junior, Reading
Kwani halikulingana na mgongo wake? Ajaze hiyo.

Mwalimu, Glasgow
Mgongo wake haukuandikwa kwenye oda.

Wanjiku, Nottingham
😂😂😂 Neema hilo la lita 36 subiri mauzo ya Novemba, rangi ya mwaka uliopita wanashusha bei vizuri na begi ni lilelile.

Kipara, Birmingham
Au pita kwenye yale maduka ya mtumba ya hisani, mtaa wa matajiri. Wazungu wananunua begi Januari wakisema mwaka huu watatembea, Machi wanaligawa. Angalia tu zipu na sponji ya mkanda wa kiuno isiwe imelala.

Shangazi Tatu, Slough
Samahani naingilia, sijasoma yote. Nimeona kuna mtu anakwenda Moshi Desemba? Ana kilo ngapi zimebaki? Nina kimzigo kidogo tu cha dada yangu.

Neema, Leeds
Shikamoo shangazi. Kinaweza kuwa kilo ngapi, na ndani kuna nini?

Shangazi Tatu, Slough
Marahaba. Ni viatu vya watoto na blenda. Na sufuria moja, ya shinikizo.