Mshahara wa mkupuo na ovataimu Marekani: Bunge lifute kanuni au liandike namba lenyewe?

mleta_mada:
Wakuu salamu. Mimi niko Texas mwaka wa tisa sasa na hii ishu imenikaa rohoni tangu Novemba 2024, jaji wa shirikisho wa hukuhuku kwetu alipoifuta kanuni ya ovataimu ya serikali ya Biden. Kwa walio mbali niwaweke sawa kidogo. Sheria ya 1938 inasema ukipita saa 40 kwa wiki unalipwa moja na nusu, lakini ikawatoa mameneja, watu wa utawala na wataalamu, halafu ikaiachia Wizara ya Kazi ieleze hao ni akina nani hasa. Wizara ikaweka mstari wa mshahara: ukilipwa chini ya hapo ovataimu ni haki yako hata ukiitwa meneja. Namba haimo kwenye sheria yenyewe, ndo maana kila rais anakuja na yake na kila mara Bunge kuna watu wanaamka kuifuta.

Sasa yangu. Nilikuwa meneja msaidizi kwenye duka moja la vyakula, dola 700 kwa wiki, mkupuo, saa 58 kawaida. Umeneja wenyewe ni kushusha mizigo, kukaa kwenye mashine ya kulipia na kudeki mtu asipotokea, ila funguo ninazo mimi. Julai 2024 mstari ukapanda kutoka dola 684 kwa wiki kwenda 844, bosi akapiga hesabu akaona bora anirudishe kwa saa, dola 15. Na hapo ndo mnisikilize vizuri, sikutajirika! Alinipunguzia saa zikawa 46 akaajiri kijana wa jioni. Nikawa napata 735 kwa saa 46 badala ya 700 kwa saa 58, na nafika nyumbani watoto hawajalala. Miezi minne na nusu. Novemba 15 jaji Sean Jordan akafuta, mstari ukarudi 684, na mimi nikarudishwa kwenye mkupuo wangu wa 700, kijana wa jioni akaondoka. Mwaka huohuo Warepublikan walikuwa tayari wana azimio Bungeni la kuifuta kanuni hiyohiyo, mahakama ikawawahi tu. Naomba mnieleze, wanaotaka ifutwe wanamtetea nani?

bosi_mdogo:
Pole mkuu ila nikujibu mimi, manake ndo mimi unayeniuliza. Nina nyumba mbili za kulea watu wenye ulemavu. Pesa inatoka Medicaid, yaani bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo na walemavu, bei anapanga serikali ya jimbo, siwezi kumwambia mteja leo nimepandisha. Ile namba ya pili ya Biden, iliyokuwa ianze Januari 2025, ilikuwa dola 58,656 kwa mwaka, namba moja kwa Manhattan na kwa kijijini Mississippi, we huoni kichekesho? Msimamizi wangu nikimlipa hivyo nafunga nyumba moja. Na sio mimi tu, 2016 wakati wa Obama alipotaka 47,476 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kuisogeza mbele miezi sita na wakataja kabisa biashara ndogo, shule na mashirika yasiyo ya faida. Sasa hao nao ni mabeberu?

mleta_mada:
Kaka nakuelewa na wala sikuiti beberu. Lakini hilo ni deni la Medicaid, kwa nini alilipe msimamizi wako kwa usingizi wake? Halafu hiyo ya Mississippi na Manhattan ni namba ya chini tu, majimbo yanayotaka zaidi yashajiwekea, California 2024 walikuwa 66,560 na wanaendelea kuishi. Huku Texas jimbo halina mstari wake, ukifuta huo mpya wa shirikisho unabaki na ule wa zamani wa 684. Ugawe kwa saa 60 uone, dola 11.40 kwa saa, kwa mtu anayeitwa meneja.

msoma_sheria:
Jamani mnachanganya mambo. Kuahirisha ni kitu kimoja, kufuta kwa ile sheria ya 1996 inayolipa Bunge nguvu ya kuzikagua na kuzifuta kanuni za wizara ni kitu kingine kabisa. Hiyo ya 1996 inataka wingi wa kawaida tu, Seneti hawawezi kuizuia kwa kuongea mpaka asubuhi, na ikipita rais akasaini wizara haiwezi tena kutoa kanuni inayofanana na ile mpaka Bunge litunge sheria mpya. Waliitumia 2001 kwenye kanuni ya maumivu ya mgongo na viungo kazini, mpaka leo haijarudi. Kwa hiyo seneta Lamar Alexander alipoleta azimio la hivyo 2016 hakuwa anabishania 47,476 ni kubwa au ndogo, alikuwa anang'oa na shina. Obama angepiga kura ya turufu kulikataa na kila mtu alijua. Mwisho wake jaji Mazzant, aliyeteuliwa na Obama huyohuyo, akaisimamisha siku tisa kabla haijaanza.

Ila mleta mada na wewe usijifanye ni mchezo wa chama kimoja. 2003 Wademokrat ndo walikuwa wanazuia, kanuni ya Bush, seneta Harkin wa Iowa akaleta kipengele cha kuizuia kikapata kura 54 kwa 45 Seneti, Bush akatishia turufu na kipengele kikayeyuka kwenye bajeti.

mleta_mada:
Sawa, lakini angalia Harkin alikuwa anazuia nini. Bush alipandisha mstari mpaka 455 kwa wiki, na ulikuwa haujaguswa tangu 1975, hiyo hakuna aliyeikataa. Ugomvi ulikuwa kwenye maelezo ya majukumu, yaani kazi gani inamfanya mtu ahesabiwe meneja, yalilegezwa. Na hapo ndo hoja yangu ilipo. Mshahara wangu nausoma kwenye karatasi ya malipo, sihitaji wakili. "Jukumu kuu ni usimamizi" ntalithibitishaje mimi, nimpigie picha bosi nikiwa nadeki?

niko_dar:
Wazee huku nyumbani hata huo mstari hatuna. Sheria ya ajira ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki na ya ziada moja na nusu, halafu inamtoa anayesimamia wenzake na kuripoti moja kwa moja kwa menejimenti ya juu. Hakuna namba ya mshahara. Sasa mtu anapewa cheo cha "supavaiza" wa watu wawili, hongera nyingi, ovataimu kwisha habari yake.

bosi_mdogo:
Basi Bunge liandike namba kwenye sheria, ipande taratibu kwa miaka, nijue 2030 nitalipa ngapi, nitasaini hata mimi. Ninachokataa ni namba ya Julai inayofutwa Novemba. Nilishabadilisha mikataba ya watu wanne!

mleta_mada:
Hapo tumekutana kaka. Sasa nitajie seneta mmoja wa kwetu Texas atakayeupigia kura muswada wa hivyo, nimpigie simu kesho nikiwa mapumziko. Dakika kumi ninazo.