Majitaka ya kaya 120, kiwanja kidogo, maji ya ardhini yako juu: tujenge mtambo gani?

Kamati_ya_Mtaa
Wakuu, habari za kazi. Tunapanga mtambo wa kusafisha majitaka ya mtaa wetu Temeke, Dar es Salaam: kaya 120, watu kama 600. Makaro mengi hufurika hadi uani kila masika. Msimu huo maji ya ardhini hufika mita 1.5 kutoka juu. Kiwanja ni mita 40 kwa 20, upande wa chini wa mtaa, na nyumba ya karibu iko mita 15 tu. Pampu hatutaki, maana ikiharibika hatuna wa kuitengeneza. Tuchimbe mabwawa? Na hesabu zianzie wapi?

Mteremko
Mkuu, anzeni na maji wanayotumia watu. Mkiweka lita 60 kwa mtu kwa siku na asilimia 80 irudi kama majitaka, watu 600 wanatoa mita za ujazo 29 kwa siku. Uchafu hupimwa kwa BOD, yaani oksijeni ambayo bakteria wanahitaji ili kuuozesha. Mkikadiria gramu 40 za BOD kwa mtu ni kilo 24 kwa siku, yaani zaidi ya miligramu 800 kwa lita. Ni majitaka mazito. Msinakili mchoro wa Ulaya, ambako mtu mmoja humwaga maji mara mbili au tatu ya hayo.

Mabwawa ndiyo rahisi kuliko vyote penye ardhi, na kwa joto la Dar yanafanya kazi vizuri. Ila bwawa la kwanza lisilo na hewa hutoa harufu, na kwa kawaida huwekwa mita 200 au zaidi kutoka makazi. Kwa mita 15, sahauni.

Ningejenga hivi, maji yateremke yenyewe kwa mserereko mtupu:

Tangi la kutulizia, mita za ujazo 47: nafasi ya maji ya siku moja, pamoja na tope la mwaka kwa makadirio ya lita 30 kwa mtu. Likifuatiwa na tangi la vizuizi lenye vyumba 6, kila kimoja upana mita 3.5, urefu mita 1, kina cha maji mita 2. Maji yanashuka kwa bomba hadi karibu na sakafu, yanapanda kupitia tope lenye bakteria, kisha yanahamia chumba kinachofuata. Siri yote iko kwenye kasi ya kupanda. Mkichukulia maji ya siku nzima yanakuja ndani ya saa 10, ni mita za ujazo 2.9 kwa saa. Gawanya kwa eneo la mita za mraba 3.5, unapata mita 0.83 kwa saa. Wakiongezeka watu ikapita sana 1, tope linabebwa na maji na mtambo unajimwaga wenyewe.

Halafu vyumba 2 vya chujio la mawe, kila kimoja urefu mita 2, na mwisho kitanda cha kokoto chenye matete, mita za mraba 330 hivi. Hapo ndipo wengi wanakosea: wanakifanya kirefu na chembamba kama mfereji, uchafu wote unaingilia sehemu finyu na kuziba. Fanyeni vitanda viwili, kila kimoja upana mita 18.5 upande wa kuingilia maji na urefu wa mwendo mita 9, kina cha maji sentimita 60. Kimoja kikipumzishwa au kikisafishwa, kingine kinaendelea.

Fundi_Chemba
Naongezea kwenye kokoto, maana hapo ndipo pesa hupotea. Za matumbawe msitumie, zinamomonyoka. Chukueni za mawe magumu kama za Lugoba, milimita 8 hadi 16, na mzioshe hadi maji yatoke meupe. Vumbi la mashine peke yake linatosha kuziba kitanda kipya. Nusu mita ya kwanza wekeni mawe ya milimita 50 hadi 80. Kwenye chemba ya kutokea fungeni kiwiko kinachozunguka ili mpandishe au mshushe maji. Yakae sentimita 5 hadi 10 chini ya uso wa kokoto. Yakionekana juu, mnafuga mbu.

Ndani ya tangi la vizuizi, kila ukuta uwe na mabomba manne ya milimita 100, yote kwa usawa uleule. Pimeni usawa kwa mpira mwembamba uliojazwa maji kabla ya kufunga. Bomba moja likiwa chini sentimita mbili, maji yote yanapita hapo na robo tatu ya chumba inalala.

Kwenye mitaro ya vichochoro visivyopitisha magari, bomba la milimita 100 na mteremko wa 1 kwa 200 vinatosha, udongo wa juu sentimita 30 hivi. Lakini mchanga! Watu wanasugulia masufuria mchanga na uani ni mchanga mtupu. Kila nyumba iwe na chemba ndogo yenye shimo la kunasia mchanga, na kabla ya tangi mjenge mtego wa mchanga. Maji ya mvua ya bati yasiingie kabisa kwenye mfumo.

Mhandisi_wa_Pwani
Hakuna aliyegusa maji ya ardhini. Sakafu ikiwa mita 2.6 chini na maji yako mita 1.5, kila mita ya mraba ya sakafu inasukumwa juu kwa tani 1.1. Zege la sentimita 20 lina uzito wa tani 0.48 tu. Tangi tupu linaweza kuelea, kuta zipasuke. Sakafu itokeze nje ya kuta sentimita 30 au zaidi ili udongo uilalie, kuta ziwe za zege lenye nondo, na unyonyaji wa tope ufanyike kiangazi. Acheni sehemu ya tope kila chumba. Ndiyo mbegu ya bakteria.

Kupima tope: mti mrefu uliofungwa taulo jeupe. Zamisheni hadi sakafuni, subirini dakika chache, toeni taratibu. Sehemu iliyobaki nyeusi ndiyo kina cha tope.

Kuanza: mimina tope la karo linalofanya kazi, unganisha robo ya kaya kwanza, uongeze polepole. Miezi mitatu ya mwanzo maji yatatoka machafu, msibomoe kitu. Kibali cha kumwaga maji ombeni Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, na kwa NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, mwasilishe tathmini ya mazingira kabla ya kuchimba.

Kamati_ya_Mtaa
Asanteni sana wakuu. Maji yanayotoka yanafaa kumwagilia mchicha?

Mteremko
Mchicha hapana. Kitanda cha kokoto kinapunguza BOD, mayai ya minyoo na vijidudu hakivimalizi. Migomba na miti ya kivuli sawa, maji yapite chini ya ardhi karibu na mizizi, si kwa ndoo.